Dobi Aliyemtungia Fundi Saa Wimbo

Dobi hakuwa mtu wa kuomba maoni kuhusu kazi yake. Ukimpelekea suti aliigeuza nje ndani, akaisogeza dirishani penye mwanga, akakueleza ulikula nini ukiwa umeivaa, kisha akakutajia siku ya kuja kuichukua. Akisema Alhamisi saa nne, ilikuwa Alhamisi saa nne. Wateja wapya walijaribu kumbembeleza iwe Jumatano. Wale wa zamani waliwaonea huruma tu.

Duka lake lilikuwa na upana wa hatua sita. Mbele kaunta, nyuma mapipa mawili ya kulowekea na mashine moja kubwa iliyotetemesha sakafu ikifika kwenye kukamua, na katikati meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi na shuka lililogeuka rangi ya chai kwa joto la miaka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tatu, mwembamba, mikono imekomaa kuliko uso, miwani imepanda juu ya kichwa muda wote huku akiitafuta. Jina alilopewa na wazazi lilijulikana na mumewe na ofisi ya kodi. Mtaa mzima ulimwita Dobi, na hata akipiga simu mwenyewe alisema, "Dobi hapa."

Jumamosi alasiri tu ndipo jina lilipobadilika. Saa tisa alifunga duka, akavuka barabara hadi shule ya ufundi, akaingia karakana ya useremala, na humo akawa Mwalimu. Kwaya ya Mtaa ilikuwa yake, na hakuna aliyemchagua. Miaka kumi na mmoja nyuma alibandika karatasi mlangoni kwake: "Wanaojua kuimba waje Jumamosi. Wanaodhani wanajua wasije." Walikuja wa aina zote mbili. Aliwapokea wote, kwa hesabu kwamba hawa wa pili angalau watafundishika kunyamaza panapofaa. Nota alifundishwa na baba yake, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli, na alizitunga kwa do-re-mi kwenye daftari la mistari, kwa penseli, akiwa amesimama kauntani.

Sauti ya nne, ile ya besi, iliegemea wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Bucha, muuza nyama wa pale kona, mtu mkubwa aliyeimba kama anayesukuma kabati. Wa pili alikuwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuja mtaani hapo miaka tisa iliyopita, yeye na mkewe, kutoka nchi nyingine. Meza yake ilikuwa kando ya geti la duka la vifaa vya umeme, hatua ishirini kutoka kwa Dobi. Chini ya kioo cha meza saa za mkononi zililala juu ya pamba kama wagonjwa wodini, na yeye aliziinamia na lenzi jichoni kuanzia asubuhi. Lugha aliijua vizuri, hata utani. Kilichomshinda ni herufi moja tu, ile ch. Chumba kilikuwa shumba, chai ilikuwa shai, na kwenye wimbo wa kufungulia mazoezi, pale kwaya ilipoimba "acha tucheke", yeye na ile besi yake nzito aliimba "asha tusheke", ikasikika hadi uwanjani.

"Ch!" Dobi alimkaripia, akigonga ukingo wa benchi la useremala. "Ch, kama mafuta yanavyolia kwenye kikaango!"

"Mwalimu," akajibu Fundi Saa bila kutabasamu, "mafuta ya kwetu yanasema shhh."

Kwaya ilicheka mpaka sauti ya kwanza ikakosa pumzi. Dobi naye alicheka, halafu akarudia zoezi. Kwa miaka saba alimrudishia herufi hiyo kila Jumamosi, na kwa miaka saba Fundi Saa alikubali kosa kwa adabu na kulirudia vilevile.

Mwaka ule maneno yalianza redioni, yakashuka kwenye vikaratasi, kisha yakaingia vinywani mwa watu uliodhani wana akili zao. Wageni wamechukua kazi. Wageni wamechukua vyumba. Wageni warudi kwao. Dobi alikuta vikaratasi viwili mlangoni pake, akavibandua kwa mvuke na kuvitupa. Alidhani hiyo inatosha.

Jumanne moja, saa nne na nusu asubuhi, alisikia kelele zikishuka na barabara. Alitoka kizingitini. Watu kama thelathini, wengi vijana, baadhi na marungu. Upande wa pili milango ya chuma ilikuwa ikishushwa mmoja baada ya mwingine. Dobi akarudi ndani akashusha wa kwake.

Mlango ule haukufika chini sawasawa. Ulibakiza nafasi ya vidole viwili, na nyingine ya hivyo ubavuni, penye mbonyeo wa pikipiki iliyowahi kuugonga. Kupitia ule mbonyeo Dobi aliona meza ya Fundi Saa na watu walioizunguka, kuanzia mabegani hadi viunoni. Hakuona sura. Aliona mashati.

Mmoja wao alinyoosha chupa ya soda hadi usoni pa Fundi Saa.

"Hii ni nini?"

Fundi Saa alitoa lenzi jichoni, akaiweka juu ya pamba. Alielewa swali. Angeweza kunyamaza, angeweza kusema ni soda.

"Ni shupa," akasema.

Wakacheka. Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko kupiga pasi shati moja. Walipoondoka, zilipita dakika kadhaa, halafu milango ikaanza kupanda. Dobi alikuwa wa tatu kufungua wake. Baadaye, alipohesabu moyoni mambo ya siku ile, hiyo nafasi ya tatu ilimuuma kuliko angekuwa wa mwisho, kwa kuwa ilionyesha alisubiri aone wengine wawili kwanza.

Fundi Saa alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Alhamisi yake Kengele aliingia dukani na mfuko wa nguo. Kengele ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza, msichana wa duka la fotokopi, aliyebandikwa jina hilo kwa sauti safi isiyotaka kusukumwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na suruali mbili, shuka, na shati la kijani la mirabamiraba.

"La kaka," akasema Kengele, macho kauntani. "Alitokwa damu puani."

Dobi alilijua shati lile. Kifungo cha tatu kilikuwa cheupe kati ya vifungo vya kijani, na alikishona yeye mwenyewe miezi minne iliyopita baada ya mashine kukila cha awali. Jumanne alikiona kifungo hicho kupitia mbonyeo wa mlango. Lakini mkono una mazoea yake. Damu hulowekwa kwenye maji baridi yenye chumvi, kamwe si ya moto, na Dobi alikuwa amekwisha kulizamisha shati, amelisugua na kulisuuza mara mbili kabla akili haijaamua inafikiri nini. Lilitoka safi kabisa. Aliliangalia likining'inia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na siku hiyo hakupiga pasi chochote tena.

Kengele aliporudi kuchukua nguo siku aliyoambiwa, Dobi alimpa suruali na shuka.

"Na shati?"

"Halijawa tayari."

Katika miaka yote ya duka lile hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo. Kengele alisimama kidogo, akakunja mfuko wake, akaenda. Jumatatu asubuhi Dobi alilifunga shati kwenye gazeti na kulipeleka kituo cha polisi. Sajini aliyekuwa zamu aligeuza kola, akageuza mikono ya shati, akamtazama.

"Mama, si umeshausuuza ushahidi wote?"

"Shati nimelifua," akasema Dobi. "Macho yangu sijayafua. Andika."

Wanaume wanne walishtakiwa, kaka yake Kengele akiwamo. Kesi ilidumu miezi mitano. Dobi alipopanda kizimbani wakili wa utetezi alijaribu kumfanyia kichekesho. Yaani bibi huyu anatuambia, kwa kuchungulia penye tundu, anaweza kulitambua shati la mtu kwa kipande cha tumbo?

"Wakili," akasema Dobi, "hilo joho lako limeshonwa upya kwapani kwa uzi wa buluu. Na wewe umesimama mbali zaidi."

Hakimu alilazimika kugonga meza. Wote wanne walifungwa. Kengele aliacha kwaya, na akimwona Dobi barabarani alivuka upande wa pili.

Watu walisema basi, yamekwisha. Lakini kila Jumamosi besi ilikuwa na Bucha peke yake, na Bucha alikuwa akiimba kwa woga, kama mtu aliyezoea kuegemea ukuta akaambiwa umebomolewa. Dobi alisikiliza hali hiyo mwezi mzima. Kisha akafungua daftari jipya.

Wimbo wa kwanza aliumaliza kwa wiki mbili, na aliupenda. Ulikuwa na sehemu tatu. Walikuja. Walimzunguka. Walimpiga. Sauti za wanaume zilipanda kwa vishindo, wanawake wakalia juu yao kwa nota ndefu. Jumapili baada ya chakula cha mchana alimwimbia mumewe sauti zote, akiruka kutoka sauti moja hadi nyingine huku akigonga meza. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole mwenye sauti ya lango lisilotiwa mafuta, ambaye kwa miaka thelathini ya ndoa alikuwa ameombwa asiimbe hata bafuni.

"Mzuri," akasema alipomaliza. "Unatisha."

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

"Nakujua. Sema."

Fundi bomba alikwangua sahani yake. "Wao wamo wote humo, mke wangu. Walikuja, wakafanya, wakaondoka. Wewe ulikuwa wapi?"

Dobi alisimama akapiga pasi mashuka matatu ya nyumbani ambayo hayakuhitaji pasi. Baada ya hapo alichana kurasa zote za wiki mbili, akaandika mstari mmoja juu ya ukurasa mtupu: *Mimi nilishusha mlango.* Chini yake, baada ya kuuma penseli kidogo, akaandika wa pili: *Mimi nililifua shati.*

Jumamosi iliyofuata aliwaketisha wanakwaya thelathini na wanane juu ya mabenchi ya useremala, akawapa kila mmoja kipande cha karatasi.

"Sentensi moja," akasema. "Inaanza na Mimi. Inasema ulifanya nini Jumanne ile kati ya saa nne na nusu na saa tano. Sitaki ulihisi nini, kila mtu alihisi vibaya. Ulifanya nini."

Kukawa na minong'ono. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya tatu, mpaka rangi, akainuka. "Mwalimu, mimi nilikuwa safarini."

"Basi andika ulikuwa safarini. Tutaiimba."

"Na kama mtu hataki?"

"Mlango ule pale, na hautashushwa na mtu. Atoke kwa amani, na akirudi atapokelewa."

Walitoka saba. Wengine thelathini na mmoja waliandika, baadhi wakiwa wamefunika karatasi kwa kiganja kama watoto wa shule kwenye mtihani. Dobi alizisoma palepale kwa sauti, bila majina. *Mimi nilipiga picha kwa simu. Mimi niliongeza sauti ya redio. Mimi nilijificha chooni.* Mwalimu wa chekechea, mama mmoja wa sauti ya pili, aliandika: *Mimi niliwaambia watoto waimbe kwa nguvu wasisikie.* Alipofika kwenye karatasi yenye alama ya mafuta ya kidole, kila mtu alijua ni ya nani. *Mimi niliendelea kukata nyama.*

Bucha alikuwa ameinamisha kichwa. "Nina visu kumi na viwili pale," akasema. "Na vijana wanne wa kazi. Tungetoka tu, tukasimama. Hata bila kusema neno."

Hakuna aliyemwambia asijilaumu. Dobi alimpa nota yake ya kwanza na mazoezi yakaanza.

Wimbo uliotoka humo ulikuwa mgumu kuliko chochote walichowahi kuimba. Sentensi zile zilipita kutoka sauti hadi sauti, mara zikigongana, mara moja ikibaki peke yake hewani. Katikati palikuwa na swali. Sauti ya kwanza yote iliuliza, kwa nota tatu nyepesi za kitoto, "Hii ni nini?" Kisha kwaya nzima ikajibu pamoja, polepole, "Ni chupa," na kulishikilia neno hilo kwa mapigo kumi na sita. Dobi alijivunia mahali hapo. Alipanga mwendo wa besi wa pale kwa namna Fundi Saa alivyopenda, chini kabisa, penye nota ambazo watu wengi hukoroma tu.

Baada ya miezi miwili alimwalika mkewe Fundi Saa aje kusikiliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mfanyakazi wa usafi hospitalini, na alikuja akiwa bado na sare yake ya kazi. Aliketi kwenye kigogo kando ya mashine ya kuchonga, mkoba mapajani, akasikiliza mwanzo hadi mwisho bila kujifuta macho. Walipomaliza, watu wote walimtazama.

"Mmeimba vizuri," akasema. "Asanteni. Nilidhani mtamfanya malaika, maana watu wakifa ndivyo wanavyofanywa. Nashukuru hamkumfanya." Akakifungua na kukifunga kishikizo cha mkoba. "Ila pale anapojibu."

"Ndiyo, mdogo wangu," akasema Dobi.

"Mnasema chupa."

"Ndiyo."

"Dada, hakusema chupa. Kama angeweza kusema chupa, sasa hivi angekuwa nyumbani."

Dobi alikuwa ameisikia sauti ile kwa masikio yake, kupitia tundu la mlango, na bado penseli yake ilipofika kwenye neno hilo ilimsahihisha marehemu, kama ilivyomsahihisha kila Jumamosi kwa miaka saba. Alichukua daftari, akafuta herufi kwa ncha ya kifutio, akapuliza vumbi lake.

"Tufundishe," akasema.

Mjane alisita, halafu akainuka. Ikawa kichekesho kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu watu thelathini na mmoja waliokuwa wakimtania mumewe sasa walishindwa kumwiga. Wengine walitoa sh kali mno, ikawa kama wanamnyamazisha mtoto. Mpaka rangi aliteleza akarudi kwenye ch mara nne.

"Ulimi usiguse juu," mjane akamwambia. "Uache ulale."

"Shemeji, huu ulimi haujazoea kulala."

Mjane akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe. Lakini mwalimu wa chekechea aliuliza lile ambalo wengi waliliogopa. "Tukiimba hivi mbele za watu, hawatadhani tunamdhihaki? Hawatacheka?"

"Watacheka," akasema Dobi. "Hata wale walicheka. Waache wacheke, halafu wasikie wanacheka nini."

Ukumbi wa manispaa uliombwa kwa barua, na Afisa Utamaduni akamwita Dobi ofisini. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na maneno ya wimbo yalikuwa mbele yake yamepigwa mistari myekundu.

"Kazi nzuri sana, mama. Sana. Ila tungeomba marekebisho madogo. Kwanza kichwa. 'Jumanne, Saa Nne na Nusu' hakina ujumbe. Kwa nini kisiwe 'Tudumishe Amani'? Pili, hizi sentensi za mimi, mimi, mimi. Zinafufua mambo. Tukizitoa hizi, na lile swali la chupa, ukumbi ni wenu."

"Zikitoka hizo kinabaki nini?"

Afisa aligeuza karatasi. "Kinabaki... hiki kipande cha mwisho. Aa-aa-aa. Kinaliwaza sana."

"Bwana Afisa," akasema Dobi akisimama, "shati lako lina doa la wino hapo mfukoni. Nikikushonea kiraka juu yake utasema nimelifua?"

"Mama, mimi nakusaidia."

"Najua. Lilete Jumatatu, nitakutolea hilo doa. Ukumbi baki nao."

Kibali cha kuimba barabarani alikipata kwa yule sajini wa zamu, aliyeandika kwa mkono wake, akagonga muhuri bila kuuliza ujumbe ni upi.

Wakaimba siku ya Jumanne, mwaka mmoja na wiki moja baada ya tukio, saa nne na nusu asubuhi, kando ya geti la duka la vifaa vya umeme. Dobi hakutangaza popote. Alipita tu duka hadi duka siku iliyotangulia na kusema, "Kesho saa nne na nusu msifunge." Hawakufunga. Walisimama vizingitini mikono kifuani, wapita njia nao wakajaa, baiskeli zikaegemezwa kwenye nguzo, lori la mizigo likazima injini kwa kuwa halikuwa na pa kupita. Kwaya ilivaa nguo zake za kazi kama Mwalimu alivyoagiza: Bucha na aproni, mpaka rangi na madoa yake, Dobi na kanzu yake fupi ya pamba yenye harufu ya sabuni.

Alinyanyua mkono. Alikuwa mtu aliyejua kazi yake, na kazi hii aliijua kuliko zote.

*Mimi nilishusha mlango*, akaanza yeye peke yake, kwa sauti yake ya kawaida isiyo nzuri wala mbaya. Ilipofika zamu ya swali na jibu, kijana mmoja karibu na lori alicheka kweli. "Ati shupa!" Kwaya ilikuwa imejiandaa. Sauti ya kwanza ikauliza tena, kwaya ikajibu tena, chini zaidi, na besi ya Bucha, safari hii bila woga wowote, ikalibeba neno kama mtu anayebeba mgonjwa. Mara ya tatu hapakusikika kicheko. Mzee mwenye baiskeli alivua kofia. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa akitamka neno lile kwa midomo tu, bila sauti, kama anayejaribu kiatu.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuandikwa daftarini. Sentensi ya mwisho ilipokwisha, kabla ya kipande cha kuliwaza, Dobi aliacha kimya cha mapigo manne. Katika pigo la tatu mwenye duka la vifaa vya umeme, mtu aliyetoa ushahidi mahakamani kwamba hakuona chochote, alisema kutoka mlangoni kwake:

"Mimi nilifunga geti. Alikuwa amelishika."

Alilisema kwa sauti ya kuongea tu. Mjane, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuka akamtazama. Hakulijua hilo. Hakuna aliyelijua.

Wanakwaya walimkodolea Mwalimu macho wajue la kufanya. Dobi hakushusha mkono. Alimgeukia yule mtu, akamwashiria kwa kidole aseme tena, na mkono mwingine ukawapa besi nota yao ya chini, *mm*, wamtandikie. Mwenye duka akasema tena. Akaashiriwa mara ya tatu. Ndipo Dobi akawaingiza wote, na kile kipande alichokipenda Afisa Utamaduni kikapanda hewani, lakini hakikumliwaza mtu yeyote haraka.

Baada ya wimbo mjane alimwendea mwenye duka. Watu walijisogeza nyuma. Hakumpiga wala hakumkumbatia. Alimuuliza, "Alisema nini?" Wakaingia ndani wakakaa nusu saa, na kilichosemwa humo kilibaki chao.

Wimbo ule umesafiri tangu siku hiyo. Kwaya za miji mingine huandika barua kuomba nota, na Dobi huzinakili na kuzituma bila kubania, kwa sharti moja: sentensi za Mimi wasiziimbe za mtaa wake, waandike zao, maana hakuna mji usiokuwa na Jumanne yake. Baadhi hukasirika na kuacha. Baadhi huandika. Afisa Utamaduni naye alikuja kuutaka kwa ajili ya ukumbi, mistari yote ikiwamo, akiwa na shati lisilo doa.

Kengele hakurudi kwenye kwaya. Lakini mwezi mmoja baada ya ile Jumanne ya wimbo Dobi alikuta bahasha imesukumwa chini ya mlango wa duka, na ndani yake karatasi ya fotokopi yenye maneno matatu kwa mwandiko alioufahamu: *Mimi nililibeba shati.* Aliyaingiza kwenye wimbo, juu kabisa, mahali ambapo ni sauti kama ya Kengele tu ingefika vizuri. Mwimbaji wa sasa huyafikia kwa shida, na Dobi hajayashusha.

Mjane wa Fundi Saa alijiunga na sauti ya pili. Siku ya kwanza kila mtu alimwangalia kwa upole mwingi, wakamwachia kiti kizuri, wakamshikia mkoba. Alianza kuimba, na baada ya mistari minne Dobi akagonga ukingo wa benchi.

"Wewe mdogo wangu, unashusha. Nusu nota nzima unashusha."

Watu walitazamana: mjane, jamani, na siku ya kwanza!

"Nashusha kwa sababu umeandika juu mno, dada," akasema mjane. "Hii ni sauti ya pili au ni ya ndege?"

"Nimeandika panapostahili."

"Basi njoo uimbe wewe."

Dobi alivuta miwani kutoka kichwani, akaivaa, akaisogelea karatasi, akaiangalia ile nota kwa muda. Kisha akachukua penseli, akaishusha hatua moja, akaandika upya mstari mzima wa sauti ya pili huku wote wakisubiri.

"Haya," akasema. "Kutoka mwanzo. Na safari hii sitaki visingizio."